Barua ya Wazi kwa Waandishi Vijana: Mzee wa Riwaya Yenu Asichekwe kwa Uzee Wake

Wanangu na wajukuu zangu mnaoandika,

Nawasalimu kwa upendo. Nimesoma miswada ambayo baadhi yenu mmeniletea, nikaona kwamba wengi mmevutiwa na kisa kimoja: mzee aliyekwisha kustaafu, ambaye watu wamezoea kumpita bila kumtazama, anapata jambo la kuishi kwa ajili yake jioni ya umri wake, na anatuchekesha njiani. Kisa hiki nakipenda mno, na kwa sababu hiyo nasikitika kuona kwamba kicheko chenu kinatoka kwenye magoti yanayouma, meno ya bandia na simu iliyomshinda mzee kuifungua. Mambo hayo huchekesha mara moja tu, kisha mzee hubaki kikaragosi.

Msomeni Miguel de Cervantes, mwandishi wa Kihispania. Alijeruhiwa mkono wa kushoto katika vita vya baharini vya Lepanto mwaka 1571, akakaa mateka Algiers, Afrika Kaskazini, miaka mitano, na sehemu ya kwanza ya riwaya yake Don Quixote ilipotoka mwaka 1605 alikuwa na umri wa miaka 57. Mhusika wake mkuu, Don Quixote mwenyewe, anakaribia miaka 50, umri mkubwa kwa zama zile, anapoamua kuwa shujaa wa kale anayezunguka akitetea wanyonge. Kila mtu hukumbuka vinu vya upepo anavyovishambulia akidhani ni majitu, lakini mimi hurudi kwenye kofia ya chuma. Kofia hiyo haina kinga ya uso, naye anaitengeneza kwa karatasi ngumu, kisha anaijaribu kwa upanga wake, na pigo la kwanza linaharibu kazi ya wiki nzima. Anaitengeneza upya, safari hii akiweka vipande vya chuma kwa ndani, na hataki kuijaribu tena. Anaikubali kuwa kofia timamu kabisa.

Wanangu, kaeni na tukio hilo hata siku nzima. Tunacheka, lakini umri wake haumo katika kicheko hicho. Tunacheka kwa kuwa tunamwona mtu anayetaka jambo kwa moyo wake wote, na ambaye anajua, mahali fulani ndani yake asipopenda kupachungulia, kwamba pigo la pili litamrudisha kwenye kiti chake cha zamani. Nani kati yetu tuliozeeka hana kofia asiyothubutu kuijaribu mara ya pili? Mpeni mzee wenu shauku ya namna hiyo, iwe ya kujifunza zeze au kumtafuta rafiki wa utotoni, na mwandishi aichukulie kwa uzito uleule anaoichukulia mzee mwenyewe.

Tena msimwache peke yake. Sehemu ya pili ilitoka mwaka 1615, mwaka mmoja kabla ya Cervantes kufariki, na mwishoni mwake bwana yule anarudiwa na akili akiwa kitandani, anazikana ndoto zake zote. Anayekataa ni Sancho, mtumishi aliyemkosoa safari nzima: analia, anamsihi asife, anamwambia ainuke waende kondeni wamevaa kama wachungaji, jinsi walivyokuwa wamepanga.

Basi rudini kwenye miswada yenu mkamtafute mtu atakayelia hivyo kando ya kitanda cha mzee wenu, na ukurasa huo muuandike kabla ya mwingine wowote.

Mzee wenu anayewasoma.