Karatasi Mbili, Namba Mbili: Nani Amekosea?

Wateja wengi huingia kwenye duka letu la miwani hapa Mwembe Tayari, Mombasa, na karatasi mbili za vipimo vya macho. Moja inasema jicho la kulia ni -1.25, nyingine -1.50, na wanataka tuwaambie ni nani aliyewadanganya. Mara nyingi hakuna. Lenzi za miwani hupanda na kushuka kwa robo dayopta (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi), na robo moja ni tofauti ya kawaida hata ukipimwa na mtu yule yule asubuhi na jioni. Macho huchoka na hukauka, na wewe mwenyewe hujibu kwa kusitasita ukiulizwa "hii au hii?"

Chati ya herufi nayo ina mambo yake. Ile ya zamani, yenye herufi moja kubwa juu, ilitolewa mwaka 1862 na Herman Snellen, daktari wa macho wa Uholanzi. Mistari yake haina idadi sawa ya herufi, wala ukubwa haupungui kwa hatua zinazolingana. Mwaka 1976 Ian Bailey na Jan Lovie, wakiwa Australia, walichapisha chati yenye herufi tano kila mstari na hatua zilizo sawa kutoka juu hadi chini. Hiyo ndiyo tunayoitumia, kwa sababu tunaweza kuhesabu herufi moja moja. Ukisoma mbili pungufu ya mwaka jana, hatukimbilii kukuuzia miwani mpya.

Watoto na wasiosoma tunawapima kwa E inayogeuzwa juu, chini, kulia na kushoto. Hapa ndipo wazazi hutuona wasumbufu. Mtoto asiyeona kabisa ule mstari, akibahatisha tu, atapatia E moja kati ya nne. Tukisema anayepata tatu au zaidi kati ya tano amefaulu, basi katika kila kumi wanaobahatisha, karibu mmoja atapita. Tukidai nne, atapita mmoja kati ya 64. Ndiyo maana tunamrudisha mtoto kwenye mstari ule ule na E zimegeuzwa upya. Na mama, tafadhali, usimwonyeshe kwa kidole ukiwa huko nyuma! Wengine wakikaa kwenye foleni hukariri majibu ya mwenzao aliyetangulia, basi chati tunaibadilisha.

Halafu kuna mashine ya kompyuta ya kupimia macho, ambayo watu huiamini kuliko macho yao wenyewe. Sisi tunaitumia kuanzia tu. Mwaka 1986, katika jarida la Lancet, wanatakwimu Martin Bland na Douglas Altman walieleza kwamba vipimo viwili vinaweza kupanda na kushuka pamoja vizuri sana na bado visikubaliane, kwa mfano kimoja kikizidi kingine kwa nusu dayopta kila mara. Kwa hiyo tunachukua namba ya mashine na ile tuliyoipata kwa lenzi za majaribio, zile za "hii au hii?", tunatoa moja kwenye nyingine kwa kila mteja, kisha tunaangalia tofauti hizo zimetawanyika kiasi gani. Mashine ikianza kuegemea upande mmoja tunaijua hapo, na fundi anaitwa.

Tofauti kubwa ni habari nyingine. Namba ikiruka dayopta nzima kwa wiki chache, kwanza tunauliza habari za kisukari. Sukari ikipanda, lenzi ya ndani ya jicho hubadilika na namba huyumba nayo. Hapo hatukati miwani mpaka sukari itulie, hata kama pesa unazo mkononi. Jicho likipoteza nuru ghafla, usije dukani. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Ukija kupimwa, beba miwani ya zamani hata kama imevunjika mkono, pamoja na karatasi zote ulizowahi kupewa. Kama unavaa lenzi za kuweka jichoni, tuambie kabla hujakaa kwenye kiti.