Vidoa vya Seurat

Chicago

Mpendwa mdogo wangu,

Mfikishie mama shikamoo yangu. Sisi huku wazima. Umeuliza picha ya Seurat, yule mchoraji Mfaransa, ya kisiwa cha La Grande Jatte imechorwaje kwa vidoa vitupu. Si vidoa vitupu, na hapo ndipo wanaoiiga hukosea.

Iko hapa Art Institute, jumba la makumbusho ya sanaa, tangu 1926. Kimo chake ni mita 2 na ushei, upana mita 3. Seurat alikwenda na vibao vidogo vya mbao kisiwani, mto Seine, karibu na Paris, akapaka papo hapo: nyasi, mashua, wenye miavuli. Kuwapanga watu kwenye turubai kubwa alikufanya studio. Mwaka 1884 alipaka kwa mipigo mifupi ya brashi. Vidoa alivipachika baadaye, 1885 na 1886. Ukiinamia nyasi unaiona mipigo chini, na juu yake vidoa vya chungwa penye jua, vya bluu penye kivuli. Wachoraji wa Tingatinga hutia vidoa kupamba mnyama. Hapa vidoa vinatengeneza mwanga.

Ukijaribu, acha rangi ya chini ikauke kabisa, la sivyo brashi itaivuruga na kidoa kitakuwa tope. Usichanganye rangi pinzani: bluu na chungwa, nyekundu na kijani, njano na zambarau. Ziweke jirani. Ukubwa wa kidoa ndio mtihani wenyewe: kikionekana, rangi mbili hizo zinachocheana, kikiwa kidogo mno kwa umbali unaosimama, jicho linazichanganya na unapata kijivu. Kwa hiyo rudi nyuma kila mara, usimalize kona moja ukiwa umeikodolea macho.

Njano ndiyo iliyomwangusha. Alitumia njano ya zinki, rangi ngeni wakati ule, nayo ikageuka kahawia miaka michache tu baadaye. Vidoa vya chungwa alivyovichanganya nayo vilififia, kijani changa kikawa cha zeituni. Unayenakili kutoka kwenye simu unanakili nyasi zilizochakaa, hivyo zing'arishe kuliko unavyoziona. Tumia njano ya kadmiamu.

Ule ukingo wa vidoa unaoizunguka picha aliuongeza karibu 1888 na 1889, akautofautisha na rangi inayopakana nao. Uache kwanza, anza na kipande cha nyasi na kivuli chake, sentimita 20 kwa 30 zatosha. Ukimaliza nipigie picha mbili, moja ya karibu, nyingine kutoka mlangoni.

Kakako