Darubini ubavuni mwa bunduki ilikuwa kosa

Mhariri,

Makala yenu kuhusu wadunguaji, yaani askari walenga shabaha waliojificha, wa Vita Kuu ya Kwanza imeruka jambo kubwa: darubini ilifungwa wapi. Mwandishi anaeleza kana kwamba kazi yote ilikuwa kutwaa bunduki nzuri na kuibandika lenzi. Sikubaliani naye.

Chukueni bunduki ya Lee-Enfield ya Waingereza. Hupakiwa kutoka juu, risasi tano tano kwenye kibanio cha chuma, hadi zitimie kumi. Darubini ikikaa juu, kibanio hakipiti. Basi wakaifunga ubavuni, upande wa kushoto, ili upakiaji wa haraka usizuiwe. Lakini mdunguaji haraka ni ya nini? Hupiga risasi moja, akatulia.

Mimi ni fundi wa kamera, na ubaya wa mpango huo naujua. Kamera nyingi za filamu zina kitundu cha kuchungulia kando ya lenzi. Ukimpiga mtu picha kwa karibu, wewe unaona uso mzima, kumbe filamu imemkata sikio. Bunduki ile ilikuwa na kasoro hiyohiyo, na handakini ikazidi. Askari alilenga kupitia tundu jembamba kwenye bamba la chuma la kumkinga. Mtutu ukishapita, darubini ya pembeni inatazama bamba tupu! Meja Hesketh-Prichard, aliyeanzisha shule ya udunguaji ya jeshi la Uingereza huko Ufaransa mwaka 1916, aliulalamikia sana ufungaji huo.

Wajerumani walikubali kupoteza kitu. Kwenye bunduki yao ya Gewehr 98 darubini ilikaa juu, mkono wa bolti (kifungio cha chemba ya risasi) ukakunjwa kuelekea chini usiigonge, na risasi zikapakiwa moja moja kwa vidole. Kwangu huo ndio ubunifu hasa.

Waingereza walifika huko mwaka 1918, kwa bunduki ya Pattern 1914, vita ikiwa ukingoni. Katika Vita Kuu ya Pili bunduki yao ya udunguaji, No. 4 (T), iliwekewa darubini juu, na kitakoni kikaongezwa kipande cha mbao ili shavu lipate pa kuegemea, jicho lifikie lenzi bila shingo kunyooshwa.

Picha mliyotoa imepigwa kutoka ubavuni, hivyo msomaji hawezi kuona darubini imekaa wapi. Naomba toleo lijalo mtoe iliyopigwa kutoka juu.

Fundi kamera,
Morogoro