Nimemwona Sasaki akirusha

Glendale, Arizona
6 Machi 2025

Swahiba wangu,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Nimeusoma ujumbe wako kuhusu yule kijana wako mrushaji wa besiboli, kwamba shule nzima inataka arushe kila mechi mpaka fainali. Nilikuwa bado natafuta la kukujibu, na Jumanne jioni nikalipata uwanjani Camelback Ranch.

Nilikwenda kumwona Roki Sasaki, Mjapani wa miaka 23 ambaye Dodgers, timu ya Los Angeles, wamemsajili Januari. Hii ilikuwa mara yake ya kwanza kuvaa jezi yao katika mechi za kujiandaa na msimu, dhidi ya Cincinnati Reds. Alianza Yamamoto, mrushaji mwenzake Mjapani, Sasaki akaingia ininga (awamu ya mchezo) ya tano. Ndugu yangu, kijana anarusha! Ananyanyua mguu wa kushoto juu kabisa, anatulia kidogo, halafu mwili wote unashuka pamoja na mkono. Mpira wa kasi ulifika maili 99 kwa saa, yaani karibu kilomita 160. Nilikaa kwenye majani nyuma ya uwanja, na bado nilisikia glavu ya mdakaji ikilia.

Lakini kinachowamaliza wapigaji ni ile splita yake. Anaubana mpira katikati ya kidole cha shahada na cha kati, anautupa kwa mwendo uleule wa mkono kama wa mpira wa kasi. Mpigaji anaona ni ule wa maili 99, anazungusha gongo, kumbe mpira haujafika, na ukifika umeshazama chini yake. Hauzunguki sana, kwa hiyo hata mdakaji hajui utaangukia upande gani. Alicheza ininga tatu, akawatoa watano kwa straiki (mpigaji akihesabiwa straiki tatu anatoka), wakampiga mara mbili tu, na hakuna aliyefunga. Hakufikisha hata mipira 50. Mkono ulikuwa bado wa moto, watu tunataka zaidi, naye akapumzishwa.

Hapo ndipo nilipokukumbuka. Huyu kijana amelindwa hivyo tangu sekondari. Mwaka 2019, alipokuwa shule ya sekondari ya Ofunato, alikuwa tayari amerusha kilomita 163 kwa saa, na timu yake ikafika fainali ya mkoa wa Iwate. Ushindi mmoja tu na wangekwenda Koshien, mashindano ya taifa ya shule za sekondari za Japani, ile Koshien yenyewe ambayo Wajapani waliwaletea ninyi jina lake pamoja na mchezo. Kocha wake akamweka benchi, kwa kuwa alikuwa amerusha sana siku zilizotangulia na aliogopa ataumia. Walifungwa 12 kwa 2 na Hanamaki Higashi, shule aliyosoma Shohei Ohtani, nyota wa Dodgers. Nchi nzima ilimjia juu yule kocha. Mimi namheshimu kuliko makocha wengi wenye vikombe.

Haya, Aprili 2022, akiwa na Chiba Lotte, timu ya kulipwa ya Japani, akacheza mechi kamilifu: wapigaji 27, hakuna aliyefika kituo cha kwanza, 19 akawatoa kwa straiki, 13 kati yao mfululizo. Wiki moja baadaye akaenda ininga nane bila kumruhusu mtu hata mmoja, na mechi bado ni sufuri kwa sufuri. Alikuwa amefikisha mipira 102, wakamtoa. Ni wangapi wangethubutu? Wewe ungethubutu?

Na huyu si mtoto aliyelelewa kwenye pamba. Kwao ni Rikuzentakata, mji wa pwani huko Iwate. Tsunami ya Machi 2011 ilimchukulia baba, babu na bibi, yeye akiwa na miaka tisa. Jumanne ijayo inatimia miaka 14.

Basi usikubali kelele za walimu wenzako. Kiwiko cha mtoto wa miaka kumi na sita bado kinakua, na kano ikichanika hapo Bongo nani atamfanyia upasuaji? Ohtani mwenyewe amefanyiwa mara mbili, na ana madaktari wa kila aina. Weka daftari, mpe mtu mmoja kazi ya kuhesabu kila mpira, pamoja na ile ya kupasha misuli, na siku ya pili kijana acheze nafasi nyingine au akae. Mkuu wa shule akikasirika, msimulie habari za Ofunato.

Dodgers wanafungua msimu Tokyo tarehe 18 na 19 dhidi ya Cubs, timu ya Chicago. Kama mtandao wa huko utaruhusu, waangalizie vijana pamoja.

Mwisho wa mwezi kuna jirani anakuja Dar, nimemwomba abebe mipira na glavu. Niambie mapema kijana anarusha kwa mkono gani, maana glavu za wanaorusha kwa kushoto inabidi niagize.

Nduguyo wa siku zote