Barua kwa mpwa wangu: Lindbergh hakuishia Paris

Mpwa wangu,

Nimesoma rasimu ya mada yako juu ya Charles Lindbergh, rubani Mmarekani. Safari ya 1927, aliporuka peke yake bila kutua toka New York hadi Paris, umeieleza vizuri, ila umeishia Paris, na mtu huyo aliishi miaka 47 zaidi.

Kwenye ndege yenyewe, ongeza habari ya tangi. Spirit of St. Louis, ndege yake, ilibeba mafuta takribani lita 1,700, na tangi kuu alitaka liwe mbele yake, nyuma ya injini, ili ndege ikianguka asibanwe kati ya injini na tangi. Kwa hiyo hakuwa na kioo cha mbele. Alichungulia kwa madirisha ya ubavuni na periskopu, kifaa cha vioo cha kuonea mbele. Redio na parachuti aliviacha kwa sababu ya uzito.

Umeandika kwamba siasa zake zikae kando, urubani kando. Hapo sikubaliani nawe, maana yeye mwenyewe hakuvitenganisha. Mwaka 1939, katika jarida la Reader's Digest, aliandika kwamba urubani ni chombo kilichoumbwa kiifae mikono ya watu wa Magharibi, kiwasaidie weupe kuishi katikati ya bahari ya watu wa rangi nyingine. Wewe unayesomea urubani, huwezi kuruka sentensi hiyo.

Oktoba 1938 Göring, mkuu wa jeshi la anga la Wanazi wa Ujerumani, alimpa nishani mjini Berlin. Wiki chache baadaye, Novemba 9, Wanazi wakachoma masinagogi, nyumba za ibada za Wayahudi, na Wayahudi wakauawa. Nishani hakuirudisha. Septemba 11, 1941, akihutubia huko Des Moines, Marekani, akawashutumu Waingereza, Wayahudi na serikali ya Rais Roosevelt kwamba wanaisukuma Marekani kwenye Vita vya Pili vya Dunia. Usimwite "mpenda amani" tu ukapita.

Halafu fika 1944. Roosevelt alikuwa amemnyima kurudi jeshini, akaenda Pasifiki kama raia, akawafundisha marubani wa P-38, ndege ya kivita ya Marekani, kubana mafuta: shusha injini hadi mizunguko 1,600 kwa dakika, ongeza shinikizo la hewa inayoingia, punguza mafuta kwenye mchanganyiko wa mafuta na hewa. Injini ikizunguka polepole, nguvu kidogo hupotelea kwenye msuguano. Marubani walihofia injini zitaharibika, lakini masafa yao yakaongezeka kwa mamia ya kilomita. Mpe sifa hiyo, ni haki yake. Maneno ya Des Moines hakuyafuta hadharani mpaka alipofariki katika kisiwa cha Maui, Hawaii, 1974.

Ukikosa nafasi, punguza shangwe za Le Bourget, uwanja wa ndege wa Paris alikotua. Hizo wenzako wanazijua.

Mjomba wako