Danio wako wanataka wenzao

Kikwajuni, Unguja
Jumapili usiku

Shoga yangu Zuwena,

Assalaam aleikum. Sisi huku wazima, alhamdulillah. Nimefurahi mno kusikia na wewe umeweka danio watatu, vile visamaki vya mistari vya kufuga kwenye tangi la kioo, ukumbini. Ila uliposema mmoja anawaandama wenziwe mpaka wamejibanza nyuma ya jiwe, roho imeniuma, maana yalinikuta na mimi. Na hilo wazo la kumgawa huyo ukanunue mmoja mmoja wa kila rangi, tafadhali liache.

Danio si samaki wa kuishi watatu. Wewe umekulia Wete, vibua unavijua: kimoja kikigeuka, kundi zima limeshageuka. Danio ndio hivyo hivyo, ingawa wao ni wa maji ya pepo, yale yasiyo chumvi, na kwao ni India, Nepal na Bangladesh, kwenye vijito na hata mabonde ya mpunga kama yenu huko. Kila mmoja anajua mwenziwe yuko wapi, kwa macho na kwa ule mstari wa ubavuni unaohisi maji yakitikisika. Wakiwa watatu, mwenye nguvu humfuata mnyonge yule yule kutwa nzima. Wakiwa kumi, kule kukimbizana kunagawika, hapana anayechakazwa. Watu husema sita wanatosha. Mimi nakwambia kumi.

Tangi langu la mwanzo lilikuwa la kwenda juu, zuri la kutazama. Danio hana haja na kina; yeye hukata maji kwa mapana, karibu na juu. Wangu walikuwa wakipiga hatua mbili wamefika kwenye kioo. Asubuhi moja nikamkuta mmoja nyuma ya kabati, karuka usiku, mkavu, mwepesi kama ganda la kitunguu. Mpaka leo nikimkumbuka nasikitika. Sasa nina tangi la urefu wa mita moja, upana sentimita 40 na kimo 40, kama lita 160 hivi. Majani nimeyapanda nyuma na pembeni tu. Mbele nimewaachia uwanja.

Joto nalo lisikupite. Kaskazi hii maji yangu yalifika nyuzi 31. Danio huvumilia, lakini maji yakipata moto hushika oksijeni kidogo: kwenye nyuzi 20 lita moja hubeba miligramu 9 hivi, kwenye 30 haizidi sana saba na nusu. Na samaki asiyetulia anavuta nyingi. Kwa hivyo kifuniko cha kioo nimekitoa. Kaka alinichongea fremu ya mbao, nikaiwamba kipande cha chandarua kikuukuu. Hewa inapita, na wa kuruka haruki. Umeme ukizimika nakaa na kata, nachota na kumimina kutoka juu, robo saa, napumzika, naanza tena.

Maji badilisha robo kila wiki. Ya mfereji yaache kwenye ndoo wazi kutwa na kucha kwanza, klorini, ile dawa ya kuulia vijidudu, ipae.

Wakizoea, watazame alfajiri ukishaswali. Majike ni ya fedha, matumbo yameviringana. Madume membamba, na baina ya mistari ya buluu mna rangi ya dhahabu. Taa ikiwaka tu, madume wawili watatu humsindikiza jike mpaka ndani ya majani, ubavu kwa ubavu, wanatetemeka. Mayai yanadondoka kama chembe za chumvi, na hao hao wanageuka wakayala! Mwanzo nilikasirika. Sasa natandika kokoto chini, mengine yajifiche humo.

Usitie saba kwa siku moja. Tangi jipya halijapata vile vijidudu vyema vinavyoigeuza amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, na kwa kawaida huchukua wiki nne mpaka sita kuenea. Kaka anakuja kwa meli ya Alhamisi, anashukia Mkoani. Nimempa sponji moja ya kichungi changu, imeshajaa hao vijidudu, ndani ya mfuko wenye maji kidogo na hewa nyingi. Itaonekana chafu. Usiioshe, Zuwena, hata kwa tone la maji ya mfereji. Ipachike kwenye kichungi chako usiku huo huo, kisha ongeza danio wanne, na watatu wengine baada ya wiki mbili.

Nisalimie bibi, mwambie karafuu zake zimefika.

Wako,
Maryam