Kwa nini bado nakula mkate

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi sana, na pole na kazi. Barua yako imenifikia na nimeisoma zaidi ya mara moja. Pale ulipoandika "acha huo mkate leo leo, usimngoje daktari," nilisikia sauti yako kabisa, na najua imetoka kwenye uchungu wa kuniona nateseka. Hata hivyo sitauacha, si kwa sasa. Nataka nikueleze sababu kwa kituo, maana wewe ndiye uliyenivumilia miaka yote hii, na sitaki udhani nimekuwa mkaidi.

Ya tumbo langu unayajua. Kuharisha kunakokuja na kuondoka bila taarifa, gesi, nguo iliyonikaa vizuri asubuhi ikigoma kufunga jioni, vidonda vya mdomoni visivyoisha, na ule uchovu ambao usingizi hauuondoi. Nimepewa dawa za minyoo, nimepewa dawa za vidonda vya tumbo, choo kimepimwa na kurudi safi. Halafu wakaniambia ni mawazo. Hilo ndilo lililoniuma kuliko tumbo lenyewe, Zuhura. Mtu akishaambiwa ugonjwa wake ni mawazo, huanza kuona aibu hata kuutaja.

Daktari ninayemwona sasa alianzia kwenye damu. Alipanga majibu yangu ya zamani mezani, akaona kwamba kila nikimeza vidonge vya madini ya chuma damu hupanda kidogo, nikiviacha hushuka tena, na hakuna mahali ninapovuja. Akauliza: chuma hiki kinakwenda wapi? Kumbe madini ya chuma hufyonzwa zaidi katika sehemu ya mwanzo ya utumbo mdogo, na hapo hapo ndipo ugonjwa wa seliaki hupiga kwa nguvu zaidi. Kuna watu wenye ugonjwa huu ambao tumbo haliwasumbui hata kidogo, na dalili yao pekee ni upungufu wa damu usioeleweka. Kusikia hivyo nilitokwa na machozi palepale kwenye kiti. Kwa mara ya kwanza kuna mtu aliyeyaweka mambo yangu yote kwenye mstari mmoja.

Sasa nikwambie ugonjwa wenyewe. Si mzio, wala si kwamba mkate umeharibika. Kinga ya mwili wa mtu mwenye seliaki, ikikutana na gluteni, yaani protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai, huugeukia utumbo wa mwenyewe na kuushambulia. Ukuta wa utumbo mdogo umejaa vinyweleo vidogo mno vinavyofyonza chakula, mfano wa zulia lenye manyoya marefu. Ugonjwa huvifupisha vinyweleo hivyo mpaka ukuta unabaki tambarare. Unakula, unashiba, na mwili unabaki na njaa.

Inakadiriwa kwamba mtu 1 katika kila 100 duniani anao, na wengi wao hawajui.

Kipimo cha kwanza ni cha damu, huitwa tTG-IgA. Kinatafuta kingamwili ambazo mwili huzitengeneza wakati wa shambulio hilo. Daktari aliagiza pia wapime IgA yote kwa ujumla, yaani aina ya kingamwili ambayo kipimo hicho huitegemea, kwa sababu baadhi ya wagonjwa wa seliaki, kama 2 au 3 kati ya 100, wana upungufu wa IgA tangu asili, na kwao kipimo cha kwanza kinaweza kuonyesha hawana kitu ilhali wanao. Yangu ya jumla iko sawa. Ile ya kingamwili iko juu, tena juu sana.

Na hapa ndipo penye jibu lako. Kingamwili hizo zipo kwa sababu gluteni ipo. Nikiacha ngano leo zitaanza kushuka, utumbo utaanza kujirudi taratibu, na siku wakiingiza kamera ndogo kupitia kinywani wachukue vipande vya utumbo, huenda wasikute kitu cha kutosha kuthibitisha. Walioacha kabla ya kupimwa huambiwa warudie kula ngano kila siku kwa wiki 6 au zaidi ndipo wapimwe. Hebu fikiria mtu ameshapata nafuu, kisha anatakiwa ajiumize upya kwa muda wote huo. Wengi hushindwa, na nawaelewa. Mimi ninaumwa tayari. Heri nimalizie maumivu haya mara moja.

Umeuliza pia jina la ugonjwa litanisaidia nini, mradi najua kinachoniumiza. Ndugu yangu, ngano inaweza kumsumbua mtu kwa njia nyingi. Yupo mwenye mzio wa ngano. Yupo ambaye utumbo wake hauvumilii aina fulani ya wanga iliyomo ndani yake. Hao wakila kipande kidogo wanaweza kuumwa, lakini utumbo wao haubomoki. Mwenye seliaki hana ruhusa ya kipande kidogo, maisha yake yote. Kipimo cha kimataifa cha chakula kinachoitwa kisicho na gluteni ni gluteni isizidi miligramu 20 kwa kilo ya chakula, kwa hiyo hata makombo ya kisu kilichokata mkate yanahesabika. Siwezi kuishi kwa uangalifu wa namna hiyo kwa kubahatisha. Najijua: mwaka wa kwanza ningeshika, wa pili ningeanza kusema "leo tu."

Kisha kuna familia. Mzazi, mtoto au ndugu wa tumbo moja na mgonjwa ana uwezekano wa karibu 1 kati ya 10 wa kuwa nao. Mdogo wangu damu yake haijawahi kutulia, na mama mifupa yake imekuwa dhaifu mapema mno. Sisemi ni hiki, lakini nikithibitishwa watapimwa. Nikisema tu kwamba mkate haunipatani, nani atawapima?

Daktari alinisimulia kisa ambacho hakijanitoka. Willem Dicke, daktari wa watoto huko Uholanzi, alikuwa akishuku ngano tangu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Ikaja njaa kali ya mwaka 1944 na 1945, mkate ukaadimika, na watoto aliokuwa akiwatibu wenye ugonjwa huu, badala ya kudhoofika na wengine, wakapata nafuu. Mkate uliporudi, nao wakarudi kuugua. Mwaka 1950 akayaandika matokeo yake katika tasnifu. Nawafikiria mama wa watoto hao waliokuwa wakilisha wanao mkate kwa mapenzi, wakishangaa mbona hawanenepi.

Kilichobaki ni hiyo kamera. Watachukua vipande kadhaa, angalau 4 kutoka sehemu ya ndani na kimoja au viwili karibu na mlango wa tumbo, kwa sababu uharibifu unaweza kuwa mahali pamoja na kuruka pengine. Ukimpata mtu wa kwenda kupimwa, mwambie aulize watachukua vingapi. Kipande kimoja hakitoshi. Mimi niliuliza, na hawakuchukia.

Sasa ombi langu. Nitapewa dawa ya kusinzia, na hawamruhusu mtu kuondoka peke yake baada ya hapo. Ningependa uwe wewe. Nitakuwa sijala tangu usiku na nitakuwa na woga, na daktari akinieleza alichokiona huenda nisikumbuke hata nusu, kwa hiyo njoo na kalamu. Tarehe hawajanipa bado. Wakinipa tu nitakujulisha siku hiyo hiyo, ili uombe ruhusa kazini mapema. Kama haitawezekana niambie bila kuficha, nimwombe mdogo wangu.

Wasalimie wote nyumbani.

Wako akupendaye,
Mwanaidi